Kondoo wa Siku ya Saba

Alhamisi, 7 Agosti

Mtoto wa kike!

Zakaria kapiga simu saa moja asubuhi, nikiwa bado nahangaika na kufuli la duka. Shemeji yangu huyo si mtu wa maneno mengi. Kazaliwa alfajiri, msichana, mama na mtoto wazima. Nikangoja aseme hongera. Hakusema.

Nimekaa mbele ya mashini mpaka saa nne bila kuikanyaga. Halafu nikashona. Sketi tatu za shule, zote nimezitia uzi mwekundu kwenye kitambaa cha bluu. Nimezifumua. Nikalia kidogo, mlango nusu wazi. Mteja akaingia, nikamwambia ni vumbi la kiangazi.

Niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma. Hizi ni kurasa za nyuma za daftari la vipimo, na wateja wangu hawajui hata kusoma vipimo vyao.

Mimba ya kwanza ilitoka mwaka jana. Hii ya pili, mwezi wa tatu, mke wangu Yasmina akiwa na miezi minne, nilimkuta amebeba ndoo ya maji kutoka bombani. Nilikuwa nimechoka, nina njaa, nina hasira za watu wengine. Nikamwambia: "Hata huyu utampoteza. We hujui kulinda kitu."

Nilisema. Mdomo wangu huu huu.

Aliweka ndoo chini taratibu, hata tone halikumwagika. Kesho yake akapanda bisi ya Muyinga, kwa mama yake. Miezi mitano sasa. Simu zangu hapokei.

Jioni Zakaria kapiga tena, na ujumbe wa mama yao. Mama Zaituni anasema hivi: akika ya mtoto ni siku ya saba, Jumatano, baada ya adhuhuri. Mnyama ni juu ya baba. Rachid, ndiye mimi, amlete mwenyewe, kwa mkono wake. Asipofika, mjomba atachinja, mtoto atapewa jina, na wiki inayofuata wataenda kwa sheikh kudai talaka.

Nikauliza, na Yasmina anasemaje?

Yasmina hasemi kitu.

"Halafu," Zakaria akaongeza, kama mtu anayekumbuka chumvi, "mama anataka kondoo. Dume. Hapana leta mbuzi."


Ijumaa, 8 Agosti

Gitega nzima hakuna kondoo!

Baada ya swala nimeuliza kila mtu aliyekuwa anatafuta viatu vyake. Wamecheka. Mchinjaji kaniambia: "Fundi, mbuzi nakupatia hata aliyevaa soksi. Kondoo? Huku watu hawali kondoo, nani ataleta?"

Mama Zaituni anajua hilo. Anajua na lingine: mi naogopa wanyama. Wote. Mbwa, ng'ombe, hata kuku akiruka karibu na uso. Siku ya harusi yetu bata wake alinikimbiza kutoka uani mpaka barabara kubwa, kanzu nimeikunja magotini, bwana harusi mzima. Muyinga bado wanasimulia. Kwa hiyo hii ni hukumu. Kondoo, dume, kwa mkono wake. Mama mkwe kachagua vizuri.

Nimelala chini ya meza ya kukatia kitambaa saa ya mchana. Nimefikiria kuacha. Kumwandikia tu Zakaria: chinja wewe. Nikaandika ujumbe. Nikafuta.

Saa kumi kaja mteja wangu Fatouma, muuza maharage. Nikampima kiuno huku naongea peke yangu. Akasema maharage yake anayatoa Bugendana, njia ya Mutoyi, kwa mzee mmoja Longino, na huyo Longino ana kondoo. Nikamkumbatia, sentimita ya kupimia ikamzunguka shingoni. Akashtuka.

Kesho alfajiri. Baiskeli nimeitia upepo.


Jumamosi, 9 Agosti. Bugendana

Naandika kwenye kibaraza cha Longino. Miguu haina habari na mimi tena. Vilima vya huku vinapanda hata pale vinaposhuka.

Longino na mkewe Martha walikulia Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi, wakarudi na watoto wakubwa. Kiswahili chao kimenyooka kama redio. Naona aibu kufungua mdomo. "Karibu sana, ndugu yangu, jisikie upo nyumbani." Wamenipa maharage na ndizi. Nikawaeleza yote, isipokuwa neno lile. Martha akaniangalia kwa muda. Nadhani alilisikia hata lisiposemwa.

Kondoo dume anaye mmoja tu. Mweupe, shingo ya kahawia, pembe zimejikunja kama vitasa vya mlango wa tajiri. Macho ya njano. Aliniangalia jinsi Mama Zaituni anavyoniangalia.

Longino hakutaka kingine ila baiskeli. Akasema siku hizi esansi, mafuta ya gari, haionekani, baiskeli ndiyo gari. Baiskeli ile niliinunua mwaka niliomuoa Yasmina, nilikuwa nampakia nyuma, anashika kofia yangu isipeperuke. Nimempa. Nikamkabidhi na pampu.

Kanionyesha jinsi ya kushika kamba. Nikaishika mbali, kama waya wa umeme.

"Ni mpole," akasema. "Ana tabia moja tu. Hapendi kondoo dume mwenzake. Akimwona, lazima wapigane."

"Mjini hakuna kondoo hata mmoja."

"Basi utafika salama."

Siku nne zimebaki. Leo nimemgusa mgongoni kwa kidole kimoja. Ana joto.


Jumapili, 10 Agosti

Nipo kwenye benchi mbele ya kituo cha polisi. Kondoo yupo ndani. Amekamatwa!

Tulikuja vizuri. Kilomita zote zile, ananifuata kama mtu mzima anayekwenda kazini. Nilianza hata kuongea naye. Nilimwambia habari za Yasmina. Alikuwa anasikiliza, mdomo ukitafuna.

Tukaingia mji kwa upande wa Mushasha. Kosa. Ndiyo kwanza misa ilikuwa inatoka. Barabara imejaa: kwaya kwenye sare za manjano, wanafunzi wawili wawili, mapadri, akina mama na miavuli ya jua. Na pembeni, limeegeshwa gari jeusi, kubwa, limesuguliwa mpaka unaweza kunyolea ndevu mlangoni.

Kondoo akasimama.

Akauangalia mlango. Mlangoni kulikuwa na kondoo, anamwangalia. Akainamisha kichwa. Yule naye akainamisha. Mimi, mjinga, nikafikiri amechoka. Nikamwambia, twende baba, karibu tunafika.

Puu!

Mlango umelia kama ngoma. Kwaya imenyamaza. Akarudi nyuma hatua tano, akaona mwenzake naye karudi nyuma hatua tano, hasira zikapanda. Puu! Kamba ikanivuta, nimeanguka kwa tumbo, nimeburutwa mbele ya parokia nzima, nasema bismillahi, wao wanasema Yezu Maria. Watoto wanapiga makofi, "Intama! Intama!", kondoo kwa Kirundi. Dereva katoka mbio kwenye kivuli na kiatu kimoja. Akajaribu kumshika pembe. Akaacha.

Aliyetuokoa ni sista mmoja mzee, mfupi. Hakukimbia. Kaja, kafungua mwavuli wake, kauweka katikati ya kondoo na mlango. Kwisha. Kondoo akatafuta adui, hakumwona, akaanza kula majani ya ua.

"Hamwoni mwenzake tena," sista akasema. "Hata watu iko hivyo."

Halafu mwenye gari akatoka kanisani. Namjua! Koti alilovaa nilimfupishia mikono mimi. Naye kanijua. "Fundi? Ni we ulifanya hii?" Niliona bora angenipiga. Nikasimama na vumbi mdomoni, nikajaribu kueleza: mtoto, siku ya saba, mama mkwe, Muyinga. Nikaanza kulia katikati ya sentensi. Mtu mzima, mbele ya kwaya.

Yeye akaangalia mikono ya koti, akaangalia mlango. Akasema tutaongea siku nyingine, akapanda kwa mlango wa upande mwingine.

Polisi walipofika hawakusema siku nyingine. Mifugo haizururi mjini, ni sheria. Nikasema haizururi, nimeishika. Afande akaangalia magoti yangu yaliyochubuka, akasema, "Ni yeye alikushika we." Wamempeleka uani kwao. Mkubwa hayupo mpaka kesho.

Siku tatu.


Jumatatu, 11 Agosti

Alhamdulillahi. Tumetoka!

Saa mbili asubuhi nipo getini. Mkubwa kaja na pikipiki, kaiegesha uani, kaingia ofisini. Afande kanipeleka mbele yake. Mkubwa akasema kuna utaratibu: barua, kisha ofisi ya komini, kisha daktari wa mifugo. Labda Alhamisi.

Alhamisi!

Nikamwambia, mkubwa, Alhamisi mi sina mtoto. Akasema sielewi. Nikafungua mdomo nieleze, na hapo tukasikia kioo kinavunjika.

Ile pikipiki ina vioo viwili, pembeni mwa usukani. Kondoo kaona kichwa tu, bila mwili. Kakipiga. Akaona cha pili.

Sote tukasimama dirishani. Mkubwa akauliza, kwa sauti ya chini, "Huyu iko na vita na serikali?"

Kaandika karatasi mwenyewe, haraka. Ninayo hapa: Kondoo mmoja, dume, ameachiliwa kwa sababu ya tabia yake. Atoke mjini leo, macho yakiwa yamefunikwa. Muhuri.

Macho yamefunikwa! Hilo naliweza. Ni kazi pekee katika jambo hili lote ninayoiweza. Nilimfunga nyuma ya duka, nikampima kichwa kwa sentimita. Alitulia kuliko wateja wengi. Kitambaa nilichokuwa nacho ni mabaki ya gauni la harusi, satini ya rangi ya waridi. Nimemshonea kofia ya kufunika macho, mashimo mawili ya pembe, mkanda chini ya kidevu. Nikaona ukingo unakaa vibaya, nikautia lesi. Mkono umezoea.

Kapita mji mzima hivyo. Watu wamesimama. Mwanamke mmoja kauliza kama ni bibi harusi. Nikasema, karibu na hivyo.

Gari hakuna. Bisi zimelala, kwenye vituo vya esansi foleni ya magari imepinda mpaka mwisho hauonekani. Nimeomba madereva tisa. Wa kumi, Urbano, ana lori la makreti matupu ya bia, na anayo esansi, hasemi aliitoa wapi. Anaondoka kesho alfajiri, njia ya Karuzi; usiku tunalala naye nje ya mji, karatasi imesema leo. "Mwislamu, kondoo, na makreti ya bia," akasema. "Kama hatufiki, hatutakosa cha kusimulia." Sikucheka. Akaona, akanigusa bega.

Nimempigia Zakaria. Nikamwambia njiani nakuja, mwambie mama. Akasema sawa. Na nyuma ya sauti yake—

Mwanangu analia! Kidogo, kama mlango mkavu. Nikamwambia Zakaria usikate, usiseme kitu, acha tu. Akaacha. Nilisikiliza mpaka salio likaisha.

Hajaniuliza hata swali moja Yasmina. Hakusema nisije. Hakusema nije.


Jumanne, 12 Agosti

Lori limezima mbele kidogo ya Karuzi. Esansi ya Urbano nusu yake ilikuwa maji.

Tumekaa masaa. Urbano kavua shati, kafungua hiki na kile, anatukana kwa Kifaransa, anatubu kwa Kirundi. Saa nane nikajua lori haliondoki tena. Nilitembea barabarani kwenda na kurudi. Nilifikiri: hivi ndivyo itakavyokuwa. Atakua, atauliza, watamwambia baba yako alikuwa anakuja, lori likazima. Ni kweli, na haitamsaidia kitu.

Urbano ndiye aliyesimamisha baiskeli. Kijana wa kubeba ndizi, mkaa, chochote. Kamwangalia kondoo na kofia ya satini. "Huyu bibi anapanda mbele ama nyuma?"

Nyuma. Tumemfunga kwenye keria, miguu imekunjwa, kichwa kinatazama tulikotoka. Mimi nakimbia kando, nashika pembe asiyumbe. Nashika pembe! Mimi! Kwenye miteremko walikuwa wananiacha, namwona tu yule wa waridi anapungua kwenye kona, ananililia. Ndiyo. Alikuwa analia mpaka niwafikie. Nikifika ananyamaza.

Usiku umetuingilia kabla ya Muyinga. Tumepewa baraza la msikiti mdogo. Amelala kichwa juu ya mguu wangu, sina nguvu ya kumwogopa.

Sitaki kufikiria kesho atafanywa nini. Nimebeba mnyama kilomita zote hizi nimpeleke kwenye kisu, na ananilalia mguuni.


Jumatano, 13 Agosti. Muyinga

Lazima niandike sasa, nisije nikaanza kusema maneno kwa mdomo.

Tumeingia mjini saa tano na nusu. Muda upo! Kijana wa baiskeli katushusha juu ya soko, kaenda zake. Kamfungua kondoo kwa haraka, na mkanda wa kofia ukakatika kwenye keria. Nikasema mwenyewe, sawa, nitaufunga, ni mishono mitatu. Nikainama kutafuta sindano kwenye kola, ninapoiweka siku zote. Nimeshika kamba kwa meno.

Mi sikujua kwamba barabara ile ni ya maseremala. Makabati yamepangwa nje kwenye jua, mapya, yana harufu ya vanishi. Makabati manane. Kila moja na kioo chake kirefu mlangoni.

Kofia ikaanguka.

Kondoo wanane.

Nilidhani ataruka. Hakuruka. Alisimama pale katikati ya barabara, akawaangalia mmoja mmoja, kutoka wa kwanza mpaka wa nane. Pikipiki zikasimama. Muuza nyanya akasimama. Na mi nikajiona pia, mara nane: suruali imechanika magotini, sijanyoa, kamba mdomoni, satini ya waridi mkononi. Huyo ndiye anakwenda kuitwa baba.

Seremala akanong'ona, "Mzee, nakuomba kwa jina la Mungu, mtoe."

Nikavuta. Kondoo akachagua. Kachagua wa tatu, akamkimbilia.

Nasema haki, seremala yule ana mikono myepesi. Kalishika kabati, kalivuta kando na kioo chake, na pale lilipokuwa limesimama kukabaki nguzo ya chuma ya taa. Kondoo hakuwa na namna ya kusimama.

Sauti ile sitaki kuiandika.

Pembe ya kushoto imevunjika karibu na mzizi. Damu imeshuka mpaka jichoni. Watu waliokuwa wanacheka wakaacha. Hakukimbia. Alikuja kwangu, mguu huu unakosea, ule unakosea, akaweka kichwa tumboni mwangu akasukuma, polepole, kama anataka nifungue mlango aingie. Shati lote damu. Nikakaa chini barabarani, nikamshika. Seremala kaleta maji kwenye kopo. Muuza nyanya kasema, huyu hachinjwi tena kwa akika, iko na kasoro. Mwingine kasema inafaa. Wakaanza kubishana juu ya kichwa changu kama watu wa sokoni wanavyojua. Mi nikasikia neno moja tu. Kasoro.

Kilomita zote. Baiskeli. Polisi. Na kila kitu kimeharibika mbele ya mlango, mkononi mwangu, kwa sababu ya mishono mitatu.

Nikambeba. Mabegani, miguu miwili huku, miwili huku. Sijui nguvu zimetoka wapi. Nimepanda barabara ile, na nyuma yangu watu. Ishirini, thelathini, sijui. Hawakucheka. Adhuhuri ikaadhiniwa nikiwa njiani.

Uani kwa Mama Zaituni mikeka imetandikwa, sufuria ziko motoni. Wanaume wametoka kuswali, sheikh amekaa, Zakaria amesimama na kisu kilichofungwa kitambaa. Na nyuma ya nyumba, nikaona, mbuzi mweusi amefungwa. Walishajiandaa. Siwalaumu.

Nikamshusha. Miguu yangu ikakataa kunyooka, nikabaki nimepiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama Zaituni kaniangalia tangu nywele. "Umefika."

"Nimefika."

"Na mnyama wako iko na pembe moja."

Nikasema ndiyo. Sikujitetea, sikuwa na pumzi. Sheikh akaja, akainama, akatazama jeraha, akamtazama na machoni. Akasema kuna wanaosema pembe haiharibu kitu, kuna wanaosema jeraha la damu mbichi ni jambo jingine, na yeye hataki kuharakisha mbele ya watu. Apewe muda. Zakaria akasema mbuzi yupo, chakula kinangoja. Mama Zaituni akasema tulikubaliana, mnyama mzima. Mjomba mmoja wa Yasmina akasema lakini kafika, kafika na miguu yake. Mama Zaituni akasema bata naye anafika na miguu yake.

Watu wakacheka. Na mimi nikainama, nikasema moyoni, basi. Imekwisha. Niinuke niende.

Hapo ndipo kanga ya mlangoni ikasogea.

Yasmina. Amekonda uso. Miguu imevimba kidogo, kandambili za kaka yake. Mtoto amemfunga kwenye shali nyeupe, kifuani. Hakuniangalia. Kapita katikati ya wanaume wote, kapita sheikh, kapita mama yake, akaenda mpaka kwa kondoo.

"Nani kamfanya hivi?"

Ikabidi nijibu mimi. "Kajigonga. Aliona wenzake kwenye vioo. Nilikuwa nimemshonea kofia, mkanda ukakatika."

"Ulimshonea kofia."

"Ya satini."

Akaitazama, bado nilikuwa nayo mkononi. Akaishika, akageuza, akaona lesi. Mdomo wake ukafanya kitu. Sijui kama ni kicheko, mi ningeapa kwamba si kicheko. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa leteni maji ya moto na chumvi, na kitambaa safi, mnakaa kubishana mnyama anavuja.

Nikasema, "Yasmina. Lile neno nililo—"

"Shika."

Sikuelewa. Alikuwa ameshafungua shali. Alihitaji mikono miwili. Akaniwekea mtoto mikononi.

"Kichwa," akasema. "Shika kichwa. Hivyo."

Ni mzito kuliko anavyoonekana. Nywele zake zote bado zipo, hazijanyolewa, nyeusi, nyingi, zimelala upande mmoja kama za mtu aliyeamshwa. Amefumba macho, amekunja uso kama anakadiria kitambaa.

Sasa hivi niko kwenye benchi la jikoni, hapa uani. Daftari liko gotini, naandika kwa mkono wa kulia, mistari inapanda inavyotaka. Mkono wa kushoto ni wa kwake. Umekufa ganzi, sisogei. Yasmina amepiga magoti hatua nne kutoka hapa, anaosha jeraha. Kondoo amemlalia mapajani. Hajageuka kunitazama hata mara moja. Lakini kila mara mtoto akikohoa, mkono wake unasimama hewani mpaka anyamaze, kisha unaendelea.

Sheikh na Zakaria wako chini ya paa la mabati, wanaongea kwa sauti ya chini. Nasikia "pembe", nasikia "baba yake", nasikia "mbuzi". Mara sheikh anatikisa kichwa, sijui kwa lipi.

Mama Zaituni katoka ndani. Anauliza, nani kampa mtoto?

Wapishi wamegeuka. Yasmina anakamua kitambaa, maji yanadondoka kwenye beseni. Hajibu. Hageuki. Anachovya tena.

Mama Zaituni anauliza mara ya pili. Sasa anakuja huku, nyayo zake nazisikia kwenye changarawe, mikono ameshainyoosha.

Nimeshika kichwa. Hivyo. Simwachii mtoto.